Wazazi wa Ailsa Garrick

Jumapili ile asubuhi Siranush alikuwa jikoni, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa sababu viatu vya filamu aliyokuwa akiicheza vilikuwa vidogo, na mtu wa mavazi alikuwa ameapa kwamba mbele ya kamera havionekani kubana. Mama yake, Araksi, alikaa mezani akiviringisha wali kwenye majani ya mzabibu. Kengele ya mlango wa mbele ikalia. Araksi akanawa mikono, akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga aproni nyeupe ya mpishi, akaenda kufungua.

Nje walisimama bwana na bibi wa makamo pamoja na masanduku yao. Bibi alivaa glavu na kofia yenye unyoya. Bwana alikuwa amelowa chapachapa kuanzia kofia hadi viatu, na huku jua la Julai lilikuwa limeshakausha nyasi za kilima kizima. Bibi akasema wao ni Lavinia na Hamish Garrick, wametoka Uskochi, wamekuja kwa binti yao Ailsa. Araksi akawaambia wafute viatu.

Sasa, Ailsa Garrick ndiye huyo huyo Siranush. Hollywood hakuna anayeishi na jina alilozaliwa nalo, na hata farasi wa sinema hubadilishwa majina wakinunuliwa. Siranush alikulia kwenye mashamba ya mizabibu nje ya Fresno, ambako mama yake alikuwa akianika zabibu juani mpaka mikono ikawa na rangi ya zabibu zenyewe. Walifika Marekani wao wawili tu, mtoto akiwa mgongoni. Wengine wote, baba, mume, dada na watoto wa dada, walibaki kwenye njia ya jangwani mwaka ule Waarmenia walipotolewa majumbani mwao. Araksi hakuwa mtu wa kulisimulia hilo. Alisema tu kwamba walikuwa wengi mezani.

Aliyemgeuza Siranush kuwa Ailsa alikuwa Wendell Prouty, mkuu wa ofisi ya studio inayoandika maisha ya waigizaji na kuyapeleka magazetini. Kila studio ilikuwa na ofisi ya namna hiyo. Kwanza waliamuru nywele za kipaji cha uso wake zing'olewe kwa sindano ya umeme, unywele mmoja mmoja, ili uso upanuke. Halafu Prouty akamwambia, bila kumung'unya maneno, kwamba hakuna mtu wa Ohio atakayelipa kiingilio kumwona mtoto wa mwanika zabibu mwenye jina linalokwama kooni. Akampa baba mfuga farasi na mama mpiga piano, wote wa Uskochi, wote wa kubuni. Siranush akauliza, na mama yangu je? Prouty akafikiri, akasema awe mpishi, maana mpishi anaruhusiwa kuwa na lafudhi.

Basi ikawa sheria ya nyumba. Jikoni, Araksi aliitwa mama. Akivuka mlango wa jikoni kuingia ukumbini, aliitwa Araksi, na yeye alimwita mwanawe Bibi Garrick. Mwanzoni alikuwa akisahau. Siku moja Siranush aliteleza ulimi mbele ya mwandishi wa jarida, Araksi akageuka na kuitikia, na Prouty nusura apasuke. Jioni hiyo mama na mwana walifanya mazoezi. Siranush alikaa kwenye sofa anaita mama, mama, mama, na Araksi anafuta vumbi bila kugeuka. Akigeuka, wanaanza upya. Walicheka sana jioni ile, hasa Siranush. Baada ya majuma machache Araksi alikuwa hodari kuliko waigizaji wengi wa kulipwa.

Prouty alikuja Jumatatu kuwatazama wageni. Akamzunguka Hamish, akashika mkono wa koti lake, akanusa vidole. Ni maji ya bahari, alisema kwa kero. Kosa lilikuwa la ofisi yake. Mwaka juzi jarida moja liliambiwa kwamba baba yake Ailsa alizama na meli, na mwezi huo huo jarida lingine likaambiwa kwamba anafuga farasi na afya yake ni njema. Hakuna aliyekumbuka kusawazisha. Kwa hiyo alikuja mzima, lakini amelowa. Prouty akasema mambo haya hutokea, studio ya ng'ambo ya kilima ina mwigizaji waliyemwandika kuwa majeruhi wa vita, na sasa mguu unamtoka damu kila filamu yake ikitoka. Akaagiza Hamish aketishwe kwenye kiti cha mbao.

Kwa jumla alifurahi. Wazazi walikuwa watu wa adabu, wanapendeza, na hawakuhitaji kufundishwa. Akaamua papo hapo ipigwe picha kubwa ya jarida: Ailsa nyumbani, pamoja na mama aliyevuka bahari kumfuata.

Chumba kizuri cha juu kilichotazama bustani kilikuwa cha Araksi. Wakapewa akina Garrick. Araksi akahamishia blanketi lake kwenye chumba cha nyuma ya gereji, na wakati wa chakula akaongeza sahani. Haikuwezekana kuwachukia watu wale, na hilo lilimchanganya Siranush zaidi. Lavinia alimpenda kwelikweli. Alimfunika shali, alimshika mashavu, alimwambia hulali vya kutosha kipenzi changu. Ila alijua yale tu yaliyokwisha kuchapishwa. Alijua Ailsa alianguka kutoka kwenye farasi mdogo aitwaye Thistle na hakulia. Alijua aliimba kanisani wakati wa theluji. Ukimuuliza kingine, alitazama dari na kutabasamu. Jarida jipya likitoka, aliamka na kumbukumbu mpya, akaisimulia mezani machozi yakimlengalenga.

Na Siranush akaanza kuyakumbuka. Ndipo alipopotea njia. Alimkumbuka Thistle, joto la shingo yake, kishindo cha kuanguka. Alilikumbuka kanisa, na moshi mweupe wa pumzi yake akiimba. Wakati mwingine, kwenye kiti cha kupakwa poda, alijaribu kuliona shamba la Fresno na akaona theluji juu ya mizabibu. Alijua Fresno haikuwa hivyo. Alijua kwa namna mtu anavyojua jambo aliloambiwa na wengine.

Jioni moja aliingia jikoni na kufunga mlango.

"Mama, niliwahi kuwa na farasi?"

"Kulikuwa na punda," Araksi alisema. "Si wetu. Wa mwenye shamba."

"Wa rangi gani?"

"Rangi ya punda."

Siranush akakaa. Hakuwa anacheka. "Nilipougua surua, nani alikesha na mimi?"

Araksi akaweka kisu chini. "Unaniuliza mimi?"

"Naukumbuka mkono kwenye kipaji changu. Una pete ya johari ya kijani."

"Mimi sijavaa johari maishani mwangu."

"Ndiyo maana nakuuliza, mama. Naogopa. Nikifumba macho namwona yule wa juu."

Araksi akasogeza kiti karibu naye. Akamhadithia surua ile, kibanda, ndoo ya maji, jirani Mreno aliyeleta siki. Siranush alisikiliza kwa makini kama anayesomewa hadithi ya mtu mwingine, akashukuru. Mama yake aliuona uso ule, naye ndipo alipoomba kitu kwa mara ya kwanza tangu walipohamia nyumba ile.

"Siku ya picha," alisema, "niite. Huko ukumbini, watu wakiwepo. Mara moja tu."

"Prouty atanifukuza. Unajua mkataba unavyosema."

"Sitaki kuwemo kwenye picha. Sitaki kiti. Vaa unavyovaa, kaa na yeyote unayetaka. Niite tu, mtu mmoja asikie." Akakiokota kisu, hakukata chochote. "Mwanangu, nilikuwa dada wa watu. Nilikuwa shangazi, nilikuwa mke, mtoto wa fulani. Waliokuwa wakiniita hivyo wote wameisha. Limebaki jina moja, na unalo wewe peke yako. Nalo umeanza kulisahau ni la nani."

Siranush alilia. Akaahidi. Akasema wakimfukuza wamfukuze, watarudi Fresno wakaanike zabibu, na alipokuwa akisema hivyo aliamini kila neno.

Siku ya picha ukumbi ulijaa nyaya na taa. Fundi wa taa alilalamika kwamba zulia chini ya Hamish linachuruzika na mtu atapigwa na umeme, wakamhamishia barazani, akaenda bila kinyongo. Siranush akawekwa kwenye kiti cha mbele ya piano. Lavinia alitakiwa kusimama nyuma yake, mkono begani. Lakini taa zilikuwa kali, na kupanga taa ni kazi ya muda mrefu. Kwa kawaida mwigizaji mkubwa ana mtu wa kimo chake anayesimama mahali pake wakati huo, ili jasho lisimharibie poda mwenyewe. Aliyezoea kumshikia Ailsa nafasi alikuwa studio siku ile, ikabidi Ailsa akae mwenyewe. Lavinia akaambiwa asubiri barazani, kivulini, lakini wa kumshikia nafasi hakuwepo kabisa. Prouty akaangaza macho, akamwona mpishi anapita na sinia la kahawa.

"Araksi, bi mkubwa, hebu simama hapa kidogo. Kimo chenu kimoja. Mkono begani kwake. Hivyo. Usitikisike."

Araksi akaweka sinia chini, akasimama, akaweka mkono.

Ulikuwa mzito, mkavu, na kidole gumba kilitulia pale pale kwenye mfupa wa shingo ambapo Siranush alijua kitatulia. Akafumba macho. Theluji ikaondoka kwenye mizabibu. Aliiona ndoo, aliliona bati la kibanda, alisikia harufu ya siki, na mkono uliokuwa kwenye kipaji chake haukuwa na pete. Thistle alikuwa punda. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau kusema chochote. Nyuma yake mama yake hakutikisika, kama alivyoambiwa, ila kidole gumba kilisogea kidogo, mara moja, kwenye ngozi. Siranush akapiga moyo konde. Akajiambia, taa hii ikishawekwa. Ikawekwa. Akajiambia, basi hii ya mwisho.

"Safi kabisa," mpiga picha alisema. "Taa tumemaliza."

"Ahsante, Araksi," Prouty alisema. "Waweza kuendelea."

Mkono ukaondoka. Siranush akafumbua macho, akaona mgongo wa mama yake unakwenda kwenye meza ya pembeni, unainama, unakusanya vikombe. Watu walikuwepo: mpiga picha, mafundi, Prouty, mwandishi wa jarida aliyesimama na kalamu. Akavuta pumzi kutoka tumboni, kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti iliyofika kila pembe ya ukumbi:

"Mama."

"Nipo, kipenzi changu," alisema Lavinia, akaja mbio kutoka barazani, uso wake umejaa mapenzi.

Araksi alikuwa anaokota kijiko.

"Mama," Siranush akasema tena, macho kwenye ule mgongo. Sauti ilikatika.

"Nipo, nipo hapa," Lavinia akamwambia, akaweka mkono begani, wenye pete ya johari ya kijani. Kamera ikalia. Araksi akapanga vikombe kwenye sinia, kimoja ndani ya kingine, akalibeba kuelekea jikoni. Hakuharakisha wala hakusita. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Prouty alikuja kumpongeza mwenyewe. Alisema miaka yote aliyofanya kazi ile hajasikia mtu akilitamka neno hilo namna hiyo, na machozi yale, jamani, machozi yale yatauza magazeti mpaka Krismasi. Mwandishi aliandika kwamba mama na binti hawakuweza kuachana. Lavinia akazipenda sana habari hizo, na zilipochapishwa akazikumbuka.

Watu walipoondoka, Siranush alikwenda jikoni na poda yake bado usoni. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Araksi alikuwa kwenye sinki, anakausha sahani. Siranush akasimama mlangoni, upande wa jikoni.

"Mama," alisema.

"Nipo, mpenzi," ikaitika sauti ya Lavinia kutoka ghorofani.

Araksi akaweka sahani, akachukua nyingine. Siranush akasogea karibu, akaita tena, taratibu, na juu wakaitika tena. Kitambaa kiliendelea kuzunguka kwenye sahani. Mwisho Siranush akasema lile alilobaki nalo.

"Araksi."

Araksi akageuka mara moja, akajifuta mikono.

"Leo nilikuita," Siranush akamwambia. "Mbele ya watu wote. Mara mbili."

Araksi akamtazama, akawaza kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidia. "Nilisikia mtu anaitwa," alisema. "Nilijua ni yule wa juu."

Hamish alipita dirishani akielekea bustanini, akiacha alama za maji kwenye njia ya matofali, akawapungia mkono. Araksi akampungia pia. Kisha akauliza kama wa juu watakunywa kahawa, na Siranush akasema ndiyo, watakunywa.