Sifuri ya Matiliku

Jumamosi baada ya chai, Mwalimu Kasiva alifuta kioo cha kipimo chake cha chumvi, akakidondoshea tone la maji ya bomba, akachungulia kwa jicho moja kuelekea dirishani. Kabla ya kupima maji ya samaki wake, ilibidi kwanza akirekebishe kisome sifuri kwenye maji yasiyo na chumvi, na pale Matiliku maji ya namna hiyo yalikuwa ya bomba la kijiji. Ubao kando ya bomba ulisema hivyo kwa rangi ya buluu: MAJI MATAMU. Siku ya kulifungua waliliombea hadi jua likawa kali. Nani apime tena kitu kilichokwisha kuombewa?

Kisha akapima tangi la kioo lililokuwa sebuleni. Thelathini na tano kwa elfu, sawasawa na bahari. Lakini samaki wake wawili, wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, walikuwa wamejibanza pembeni wakihema. Kasiva alikuwa amefundisha kemia hadi akastaafu, na hakupenda kushindwa na kitu kinachopimika. Alikasirika mchana kutwa.

Jumatatu samaki walihama. Waliacha alama za maji sakafuni, zikapita chini ya mlango hadi nje. Abdow mwenye duka aliwaona wakivuka barabara, na alisema walingoja lori la maembe lipite kwanza. Alasiri walikuwa kwenye birika la saruji chini ya bomba, wakiogelea kwa raha zao, na akina mama waliokuwa kwenye foleni walichota upande wa pili wasije wakawabeba.

"Mwalimu, watu wako wamefika salama," jirani yake Kavata alimwambia. "Wametulia kabisa."

Kwamba walitembea, hilo halikumsumbua Kasiva. Kilichomkera ni mahali walipokwenda. Samaki wa bahari hahamii maji matamu.

Akaagiza kutoka Nairobi kichupa cha maji ya kurekebishia kipimo, yenye chumvi ya thelathini na tano kamili, bila kubahatisha. Kilipofika alikiacha mezani kipoe, maana joto nalo hudanganya, kisha akadondosha tone. Kipimo kilisoma thelathini na mbili. Akafuta, akarudia. Thelathini na mbili tena. Basi akakisogeza mpaka kikasema kweli, akarudi kwenye maji ya bomba. Tatu.

Sifuri aliyoiamini miaka yote haikuwa sifuri. Samaki wake walikuwa wameishi kwenye maji makali kuliko bahari yenyewe, na walikuwa na haki ya kuondoka.

Lakini aliyemjia akilini hakuwa samaki. Alikuwa mama yake, Kalekye, aliyelala chumba cha pili na miguu iliyovimba, na ambaye daktari wa presha alimkataza chumvi. Kasiva alikuwa ameficha hata mkebe wa chumvi wa jikoni. Halafu kila siku alimpelekea mama huyo huyo chumvi ndani ya kikombe, kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akavaa viatu, akaenda kuomba kikao.

Kamati ya maji ilikutana Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti, Mzee Musembi, alichungulia kipimo bila haraka.

"Naona laini iko kwa tatu," alisema. "Sasa, Mwalimu, tukifunga hii bomba watu watakunywa nini?"

"Msifunge. Toeni ubao. Halafu wenye presha wachotewe ile ya mtoni, tupange zamu ya punda."

"Ule ubao ulisomwa mbele ya wageni. Na hii maji watu wameizoea. Hata samaki zako zimeikubali."

Wanakamati waliitikia kwa vichwa, bila ubaya wowote. Iliamuliwa samaki waachwe wakae, na ubao uongezwe mstari: USICHOTE SAMAKI. Rangi ya buluu ilikuwa imebaki kidogo.

Kasiva alinunua punda. Kila asubuhi aliteremka mtoni, akachimba mchanga mpaka maji yakajikusanya shimoni, akayapima, yakasoma sifuri ya haki. Wakati wa kurudi alisimama penye bomba, akapima na hapo, akawasomea waliopanga foleni.

"Tatu," alisema.

"Asante, Mwalimu," walijibu, wakaendelea kujaza mitungi. Mto ulikuwa mbali na si kila mtu ana punda. Samaki walipanda juu kumwangalia. Walikuwa wameshazaa.

Siku ya kwanza ya maji ya mtoni, Kalekye alipiga funda moja, akalizungusha mdomoni, akalirudisha kikombeni.

"Haya maji yameharibika."

"Yana nini, mwaitu?" Kasiva alimwuliza mama yake.

"Hayana kitu. Niletee ile tamu, ya bomba."

Kasiva hakubishana naye, kwa sababu pale shimoni yeye mwenyewe alionja akaona hivyo hivyo. Alivuta kigoda, akaketi karibu na ile miguu, akamshikia mama yake kikombe.

"Kunywa, mwaitu," alisema. "Leo sina pa kwenda."