Kesi ya Mtani Chini ya Kuba la Vioo

Usingizi unamkamata Naetwe Mshana juu kabisa ya jengo la bunge la Wajerumani, mjini Berlin, saa nne asubuhi, kwenye benchi la mviringo lililo kileleni mwa kuba la vioo, viatu kavua, kidude cha maelezo walichogawiwa wageni kingali masikioni. Msimcheke. Mtu ametoka Usangi, kule Upare, juzi na kwaya ya usharika, kapanda ndege mbili, kaimba jana mchana kutwa kwa wenyeji wao wa kanisa, na ana miaka hamsini na sita. Usingizi wake ni halali. Ila hakulala kwa amani. Amelala na hasira, kwa sababu upande wa pili wa benchi hilohilo amekaa mwalimu wa kwaya, Aminieli Tarimo, anatafuna karanga kama mtu asiyedaiwa hata neno.

Tarimo ni Mchaga, Naetwe ni Mpare, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuvua kofia, unamwachia. Msibani ndiyo usiseme, hapo ana ruhusa ya kumdhihaki hata maiti. Sasa Naetwe alimuuguza baba yake, Mzee Kajiru, aliyepooza kwa kiharusi, miaka tisa. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko. Siku ya kumzika, Tarimo akasimama kando ya kaburi akasema, jamani, mmemwona marehemu alivyokwisha? Haya, mtazameni binti alivyonona. Uji wa mzee ndio ule pale. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakaenda nyumbani wakacheka, halafu wakaacha kucheka wakaanza kufikiri. Kaka zake wakabadilisha kufuli ya nyumba ya baba yao, na sokoni mpaka leo anaitwa Mama Uji. Na Mpare mnamjua, ni mtu wa kesi, wanasema atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Miaka sita Naetwe amezunguka, kwa mwenyekiti wa kijiji, baraza la kata, wazee wa kanisa, na kote ameulizwa swali moja tu, Tarimo ni nani wako? Ni mtani. Wanafunga daftari. Mtani hashtakiwi.

Basi macho yanafumba, na ile sauti ya kwenye kidude, iliyokuwa ikisoma kwa Kiingereza habari za miaka na nguzo, inageuka na kusema Kipare cha nyumbani kabisa: inuka, mwana wa Kajiru, kesi yako imeitwa. Anainuka, miguu mitupu. Anaishika ile njia inayozunguka ukuta wa kuba, anashuka, na kila akimaliza mzunguko anajikuta yuko juu zaidi, naye anazidi kushuka. Katikati ya kuba imesimama nguzo nene iliyovikwa vioo vya kujitazamia, mamia kwa mamia, lakini akitazama haoni sura yake, anaona miji. Kwenye kioo hiki Berlin imepanda juu ya milima ya Upare na treni zinapita migombani. Kwenye kile soko la Usangi limetandazwa kando ya mto wa Berlin na wauza ndizi wanapatana bei kwa Kijerumani. Kila mji una njia moja, na njia hiyo inazunguka, inazunguka, inarudi hapahapa kwenye kuba. Mbele yake anatembea mtu mwenye koti la walinzi wa bunge, na ile sauti ni yake, ila uso hana. Penye uso ni laini kama yai lililomenywa. Naetwe anamuuliza, bunge lenyewe liko wapi? Anajibu, liko chini, na hufikiwa na anayepanda. Na hakimu ni nani? Ni yule asiyesikia. Naetwe anamwambia, usinizungushe, mimi si mtoto. Nataka Tarimo aaibike nilivyoaibika, mbele za watu, apachikwe jina ambalo hata wajukuu wake wataitwa nalo. Asiye na uso anasema, utapata yote hayo, ila yeye hutampata.

Hapo vioo vinafunguka kama mlango wa ghala na Naetwe yuko ndani ya ukumbi, kwenye viti vya buluu alivyokuwa akivichungulia kutoka juu, na yule tai mkubwa wa ukutani, nembo ya Wajerumani, ametanua mbawa juu yake. Viti vimejaa watu na hakuna mwenye uso. Spika, naye hana, anauliza, mshtakiwa ni nani wako? Safari yote hii, bahari zote hizi, swali ni lilelile. Anajibu, ni mtani. Anangoja daftari lifungwe, lakini Spika anasema, neno la mtani hurudishwa msibani, mleteni. Wanaingiza jeneza, wanaliweka chini ya tai, na ndani yake ni Tarimo na joho lake la kwaya, pamba puani, amekauka. Pembeni, juu ya mkeka, amekaa binti yake Anasia, mwembamba, mikono imepasuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya mgonjwa. Naetwe anaijua mikono hiyo. Anaijua, na bado anasimama, kwa sababu utamu wa siku hii ameungoja miaka sita. Anasema, jamani, mmemwona mwalimu? Leo ndiyo mara ya kwanza amenyamaza kwa wakati. Viti vinacheka. Haya, mtazameni binti, analia kwa jicho moja, la pili linapima shamba la kahawa. Ukumbi mzima unalipuka, vicheko vinapanda mpaka kwenye vioo, na Naetwe anasikia raha mwili mzima, raha mbaya, anataka nyingine. Anageuka amwone Tarimo inavyomchoma. Tarimo hajatikisika. Naetwe anainama, anamwambia sikioni, nimesema, umesikia? Anampigia kelele, umesikia? Anamchomoa pamba. Hola. Aliyesikia ni Anasia, ambaye amejifunika khanga kichwani na anatoka taratibu, na wale wa kwenye viti wanaacha kucheka, wanaanza kufikiri. Naetwe anabaki ameshika kingo za jeneza. Kumbe ndiyo haya, anawaza. Miaka sita namngoja afe nimrudishie, na akifa ndiyo atakuwa amenikimbia moja kwa moja.

Mkono unamtikisa begani. Mtani, mtani, amka, unakoroma mpaka wenyeji wanatuangalia. Ni sauti ya Tarimo. Naetwe anafumbua macho. Jua linapiga vioo vyote kwa pamoja, na wanakwaya wamemzunguka na sare zao, mwanga uko nyuma yao, haoni uso hata mmoja. Kidude kinasema kitu sikioni na hajui ni kwa lugha gani. Ameamka? Hana hakika. Anajiambia, nikiwa macho ni sawa, nikiwa bado naota ni sawa vilevile, mradi huyu hajatiwa pamba.

Umeota nini, mtani, anauliza Tarimo, au uji? Kwaya inacheka.

Leo sikutanii, Naetwe anasema. Nilimlisha baba yangu miaka tisa. Siku namzika ulisimama kando ya kaburi lake ukawaambia watu nilikula uji wake, na ulijua ni uongo. Sema mbele ya hawa kwamba ulijua.

Ah, mtani naye, anasema Tarimo, anacheka.

Mimi si mtani wako. Huo utani nimeuvunja sasa hivi, na mashahidi ni hawa.

Kicheko cha Tarimo kinaendelea peke yake kidogo, kisha kinakatika, na anataka kuondoka. Naetwe anamdaka kifundo cha mkono. Ni cha moto, mshipa unapiga chini ya kidole chake.

Sema, anamwambia, na hamwachii.