Raba Moja, Raba Mbili

Bi Mwandiko, mwalimu mstaafu, alipapasa kopo la kwanza la dawa, kisha la pili, na roho ikamruka. Raba alizoyavisha makopo, vile vipira vya kufungia, hazikuwepo.

Miezi minane hizo raba ndizo zilizokuwa macho yake. Raba moja, dawa ya moyo ya mumewe, asubuhi. Raba mbili, dawa ya usingizi, jioni. Makopo pacha, vidonge pacha. Maandishi yenyewe yalimtambalia machoni kama siafu, na akiyakazia macho yanatoweka kabisa. Daktari alisema ni uzee, hautibiki. Hilo hakumwambia mtu.

Sasa binti yao, aliyefika jana kuwasalimia, alikuwa amelipangusa kabati lote na kutupa kila alichoona ni taka. Huyo na usafi ni pete na kidole.

"Mama, Baba ameshapewa dawa?" binti aliuliza kutoka jikoni.

"Nampa sasa hivi."

Angemwambia nini? Binti alishasema waziwazi: siku Mama akishindwa na dawa, Baba anamchukua kwake. Na kwake kuna kitanda kimoja tu cha ziada. Ndoa ya miaka arobaini na sita, mmoja huku, mwingine kule.

Akafungua kopo moja, akanusa. Hakuna harufu. Akalipeleka dirishani, akalitazama kwa pembe ya jicho mpaka machozi yakamtoka. Siafu walewale.

"Leo mwalimu kachelewa kipindi," mumewe alitania kitandani, pumzi fupi, kiganja amekikinga tayari.

Akamwekea kidonge. Huenda ndicho, huenda sicho. Mumewe akakipeleka mdomoni bila kuuliza, maana hajawahi kumuuliza. Hapo hofu ikamshinda Bi Mwandiko, akamdaka mkono.

"Usimeze."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu methali hiyo miaka thelathini.

"Mwanangu," aliita, "njoo unisomee. Sioni."

Binti akaja, akasoma makopo yote mawili, akakitoa kidonge kwenye kiganja cha baba yake.

"Hiki cha usingizi, Mama. Tangu lini?"

"Miezi minane. Nilikuwa na raba zangu."

Binti akatoka. Bi Mwandiko alisikia ndoo ya taka ikimwagwa kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ileile. Akaubana mkono wa mumewe, akijua ndiyo basi.

Binti akarudi na raba tatu mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ya moyo," akauliza, "ni raba moja au mbili?"