Dada Wawili Kwenye Rundo

Programu ya mochari iliganda tena asubuhi hiyo, na gari la kuwazika wasio na ndugu lilikuwa linaondoka saa sita.

"Mwanangu, mashine yako imekufa?" aliuliza mhudumu wa mochari, mzee wa utani ambaye hospitali nzima ilimwita Baridi. "Niiandalie droo?"

Binti fundi wa programu alitabasamu kwa haya bila kumtazama. "Bado inahema, mzee wangu. Nipe dakika kumi."

Kazi ya programu ilikuwa kumtafutia kila maiti ndugu wa kupigiwa simu. Kama ndugu aliyeandikwa alikuwa amekufa pia, ilimtafuta ndugu wa huyo. Kila swali lilipanda juu ya lililotangulia na kukaa likingoja jibu. Binti aliisimamisha katikati, akafungua rundo la maswali yanayosubiri, akasoma kutoka juu kwenda chini.

Ndugu wa dada mdogo? Dada mkubwa. Ndugu wa dada mkubwa? Dada mdogo. Alishuka kurasa hadi kidole kikachoka. Majina yalikuwa yale yale mawili, yakijirudia mara maelfu.

Akatoa mafaili yao. Vikongwe wawili, mtu na dada yake, chumba kimoja cha kupanga. Kila mmoja alimwandika mwenzake tu, na wote walifariki wiki moja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: uliyekwisha kumuuliza, usimuulize tena. Aliuandika. Programu ikajibu papo hapo: hana ndugu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini alimgeukia mzee.

"Mzee wangu, hawa walikuwa na ndugu. Wao kwa wao. Tafadhali wazikwe pamoja."

Baridi alivua kofia. Utani ulikuwa umemwisha. "Mkubwa nilimpakia Jumanne, akazikwa. Programu iliganda, ukaizima ukaiwasha, ukaniambia nimruke kwenye orodha. Bosi akasema asiyepatiwa jibu ahesabiwe hana mtu."

Binti alikumbuka. Siku hiyo hakufungua rundo. Alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Pembeni ya kaburi lake pamebaki nafasi?"

"Kushoto mtu, kulia mtu. Huyu mdogo atakwenda mwisho wa safu, kule ukutani."

Nje, gari lilianza kunguruma. Binti alichukua mtandio wake, akamfuata mzee hadi mlango wa dereva.

"Mbele pana kiti?"

"Kipo. Ila dereva atauliza, wewe kwa marehemu ni nani?"

Binti alijitanda mtandio. Kisha akapanda.