Wabebaji Wanne wa Kanali

Waliohudhuria kikao walikuwa wanne: kanali aliyeongoza kikosi, meja wa mipango, daktari wa kikosi, na sajini wa machela ambaye askari wote walimwita Babu. Walikutana asubuhi katika darasa la shule iliyofungwa na vita, magoti yakigota kwenye madawati ya watoto. Ubaoni palichorwa ufuo wa adui.

Kanali alikuwa na askari elfu moja na mia mbili. Brigedi ya pili, yenye watu elfu nne, ingefika baada ya siku tisa. Yeye alitaka kuvuka maji keshokutwa na hao alio nao, wala hakutafuta sifa: aliamini kwamba wakishuka wachache, barua za msiba nazo zitakuwa chache. Alikwisha kuandika thelathini na moja kwa mkono wake. Meja alimuunga mkono, kwani kikosi kidogo kingemshtukiza adui.

Daktari hakubishana. Aliwaomba washuke ufukweni nyuma ya shule, na kanali alale kwenye machela kama majeruhi.

Mchangani, meja na Babu walimbeba bila taabu. Maji yalipofika kiunoni, wimbi likamfunika kanali uso. Daktari akashika pembe ya tatu. Machela ikainama upande.

“Kidole kimoja hakivunji chawa,” Babu alisema akihema, “na vitatu havibebi kanali.”

Ikabidi mlinzi wa lango la shule aitwe. Alipotia bega, machela ikatulia juu ya maji.

Kanali, nguo zikimchuruzika maji, akageuza shingo kuitazama shule. “Langoni yuko nani?”

“Hakuna, afande,” daktari alijibu. “Kila majeruhi atakuondolea watu watano: yeye na wabebaji wake. Wakianguka mia mbili saa ya kwanza, zitabaki bunduki mia mbili kuushika ufuo mzima. Hapo hutapoteza wachache. Utawapoteza wote.”

Meja alikumbusha kwamba kwa siku tisa adui atachimba mahandaki zaidi. Daktari alikubali kwamba ni kweli.

Walimshusha mchangani. Kanali akasimama mbele yao.

“Waambieni makapteni hatuvuki keshokutwa. Tutaingoja brigedi, tushuke wote pamoja. Isipofika, hatushuki.”