Msaada wa Shemeji Joakim

Hedwiga alizisikia nyimbo kabla hajalifikia shamba, na hasira zikampanda pale pale. Nani kawaita hawa?

Mumewe Bernadi alikuwa amerudi kutoka jeshini na begi moja na woga wa watu. Si woga wa risasi. Waliokuwa naye Msumbiji walisema hakuwahi kurudi nyuma. Alichoogopa ni salamu. Akikutana na watu njiani jasho linamtoka, ulimi unakuwa mzito. Wajuaji wa kijijini kwao Kigonsera wakaamua kwamba ana maringo. Kanisani haendi, pombeni haonekani. Na mwaka wenyewe ndio ule, ruzuku ya mbolea imefutwa, kahawa inanunuliwa na matajiri wa malori kwa bei waitakayo wao, kila mtu amekimbilia maharage. Nyumba yenye mwanamume asiyetoka ndani ingelima vipi?

Hedwiga alimtoa kidogo kidogo. Walipita njia ya nyuma, alfajiri. Kazi ya ngoro ilimfaa, maana haihitaji maneno: mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, mwanamke anamfuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule, linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Mwanzoni Bernadi alilaza mstari mmoja akakimbilia nyumbani. Siku hizi alikuwa anatangulia peke yake, na juzi alipiga mluzi. Hedwiga aliinamia jembe asionekane anavyolia.

Sasa hili! Mteremko mzima umejaa watu na majembe. Mbele yao yuko Joakim, kaka yake Bernadi, mtu wa kila kamati, mwenye roho nzuri na sauti ya kengele.

“Afande! Tumsifu Yesu Kristo! Leo tunakumalizia kazi!”

Bernadi alisimama na majani mikononi, watu wamempangia foleni ya kumpa mkono. Akayaangusha majani, akapotelea kwenye mikahawa.

“Shemeji, kwa nini hukuniuliza?” Hedwiga alisema.

“Nikuulize nini? Shamba la mdogo wangu linachekwa na watu. Pombe nimetoa mimi, wewe pumzika.”

Mchana ngoro zilikuwa zimekwisha, tena nzuri, na uzuri wake ndio uliomchoma zaidi Hedwiga. Watu wakakaa kunywa, wakingoja kushukuriwa. Hedwiga alichukua jembe, akapanda hadi mstari wa juu, akaanza kuzibomoa.

“Shemeji! Umechanganyikiwa?”

“Nani kakwambia mdogo wako alikuwa na shida ya shamba?” Hedwiga alifoka, huku akipiga jembe. “Alikuwa na shida ya kazi! Kazi hii ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani, na wewe umekuja kuimaliza kwa asubuhi moja! Kesho nimwamshe aende wapi? Niambie, aende wapi?”

Watu walibeba majembe yao na pombe yao wakaondoka wakinung'unika kwamba wema hauna shukrani siku hizi. Hedwiga hakuwatazama. Alibomoa hadi viganja vikachubuka, akayavuta majani yote juu ya udongo.

Jua lilikuwa limeinama Bernadi alipotokea kwenye mikahawa.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi.”

“Wewe?” Sauti ilimtoka yote. “Una wazimu? Kesho si tungepanda? Tazama ulivyoyavuruga! Majani yanachambuliwa vipi na matope haya?”

Tangu arudi hakuwahi kumfokea mtu. Hedwiga alimwacha amfokee.

Bernadi alichuchumaa huku akigomba, akakung'uta fungu la kwanza la majani, akalilaza chini, akalinyoosha kwa kiganja. Akalaza la pili. Alipofunga mraba aligeuka.

“Mbona umesimama?” akasema. “Chimba.”