Nukta 1024 kwa 768

Mimi siamini mtu. Ndugu zangu husema nina roho ya askari wa getini, nami huwajibu kwamba getini ndiko wezi wanakopita. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiita Jumatano na kuniambia kuna alama kumi na moja za hesabu zilizobadilika kwenye kompyuta, nilianza kwa kumshuku yeye mwenyewe.

"Wewe ndiye karani wa matokeo," alisema mama yule, miwani imemshukia puani. "Usimwambie mtu. Ijumaa saa sita mchana nataka jina. Ukilikosa, lako litatosha."

Nilitoka. Kazi hii niliitafuta miaka sita, na sasa nilipewa siku mbili za kuilinda.

Alama nilizinakili mimi kutoka kwenye karatasi za walimu. Baada yangu, mwalimu yeyote anaweza kuingia na kusahihisha, maana shuleni kwetu nywila ni moja, imebandikwa ukutani kwa selotepu, hata mpishi anaijua. Ila mtambo wetu wa matokeo ni mmbea. Kila anayeingia, huandika saa aliyoingia na ukubwa wa kioo cha kompyuta yake kwa nukta, vile vidoti vinavyounda picha, za upana kwanza, kisha za wima. Changu ni 1920 kwa 1080. Vya walimu, vyote vipya vya inchi ishirini na nne, ni hivyo hivyo. Aliyebadilisha alama Jumatatu saa nne asubuhi aliacha 1024 kwa 768.

Shule nzima kioo cha namba hizo ni kimoja, kile cha mraba kilichoko maktaba. Na mkutubi ni wifi yangu, mke wa kaka. Na kati ya zile alama moja ilikuwa ya binti yake: 31 kwenye karatasi, 81 kwenye kompyuta. Mtoto wa kaka yangu nampenda, lakini yeye na hesabu hawajawahi hata kusalimiana.

Alhamisi nikamfuata.

"Wifi, Jumatatu saa nne ulikuwa wapi?"

"Siku hizi hata salamu hakuna?" alijibu, akigonga mhuri kitabuni.

"Nimeuliza ulikuwa wapi."

"Hapa hapa. Kwani unanitafutia nini?"

"Kioo chako kimeingia kwenye matokeo ya mwanao."

Aliweka mhuri chini. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi ya kile kioo. Hakikuwaka. Akabonyeza tena.

"Kimekufa tangu mwezi uliopita," alisema. "Nimekuandikia barua mbili kuomba kingine, wewe karani. Barua zangu umefutia meza?"

Niliona aibu. Kisha nikashuku amekiua makusudi, nikaufuata waya hadi ukutani. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake. Wifi alinitazama tu nikiwa nimepiga magoti, na hadi leo hatuko sawa.

Ijumaa asubuhi nilizunguka chumba cha walimu meza kwa meza, nikijifanya natafuta karatasi za kuchapia. Meza ya mwalimu wa hesabu ilikuwa ya mwisho. Mzee huyu alinifundisha mimi mwenyewe, na kati ya watu wote ndiye pekee ambaye sikuwa nimemshuku. Nilipofika nyuma yake nikasimama. Nembo ya shule yetu ni duara. Kwenye kioo chake ilikuwa imetanuka kama yai. Wajukuu zake kwenye picha walikuwa na mashavu mapana, na herufi ningeweza kuzisoma nikiwa mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Umepunguza nukta za kioo?"

"Marahaba, binti. Fundi ndiye aliniwekea hivi. Herufi zilikuwa kama sisimizi, sasa angalau zina mwili."

Kumbe hata kioo kipana kikipunguzwa nukta huandikwa 1024 kwa 768; kile cha mraba hakikuhitajika. Nikamwekea mbele karatasi yake ya alama, nikamwonyesha jina la mtoto wa kaka.

"Nisomee hapa."

Aliiinua hadi ikakaribia kugusa pua. "Themanini na moja. Wewe kwenye kompyuta uliandika thelathini na moja, nikakusahihishia. Jumatatu peke yake nimekusahihishia kumi na moja. Una haraka siku hizi."

Ilikuwa thelathini na moja. Zote kumi na moja zilikuwa na tatu aliyoiona nane.

Nilipomweleza, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nimebakiza muhula mmoja nistaafu," alisema kwa sauti ya chini. "Usiniseme, mwanangu. Tafuta namna."

Sikuahidi kitu. Nilimwonea huruma kweli, lakini niliogopa, na mtu mwenye hofu hana mwalimu wala wifi.

Saa sita kasorobo nilikuwa ofisini kwa mkuu, nimetaja jina hata kabla sijaulizwa. Alinikalisha kwenye kiti chake niandike maelezo kwenye kompyuta yake, naye akatoka kwenda kumpigia simu mwenyekiti wa bodi.

Nilikuwa mstari wa tatu mlango ulipofunguliwa. Mwalimu wa hesabu alisimama pale, kofia mkononi, uso ameuelekeza kwenye kiti. Dirisha lilikuwa nyuma yangu, kwake nilikuwa kivuli tu.

"Mkuu, nimekuja mwenyewe," alisema. "Zile alama nilizibadilisha mimi. Macho yangu yameisha. Karani anajua, nilimwomba anifiche, na atanificha, namjua tangu ana miaka kumi na tatu. Ndiyo maana nimekuja. Usimfukuze kwa ajili yangu."

Sikufungua mdomo. Sauti yangu angeitambua.